Kujikinga Si Kuua: Jawabu kwa Wanaouliza Risasi Ipi

Limezuka swali miongoni mwa vijana wetu waliokwenda kukaa Marekani kwa masomo na kwa kazi, nalo limevuka bahari likafika mpaka barazani kwetu. Wauliza: Katika bastola zinazouzwa huko madukani kama zinavyouzwa miavuli na tochi kwetu, ipi yafaa mtu kuiweka nyumbani kwa kujikinga? Yenye risasi ya milimita 9, au ya 40, au ya 45? Na wauzaji, pamoja na wajuzi wa kujipachika, huwajibu kwa ghera na ubishi utadhani wabishana juu ya nguzo za dini. Mmoja asema ndogo hazina kazi. Wa pili asema kubwa ndiyo dawa. Wa tatu asema wenziwe wote hawajui kitu.

Kwetu, Kenya na Tanzania, mtu hamiliki bastola ila kwa kibali cha serikali, na nyumba zetu nyingi hazijapata kuiona kwa karibu. Lakini hatuwezi kusema kwamba jambo hili halituhusu. Wana ni wetu, wajukuu ni wetu, na fikira wanazozipata huko ndizo wanazorudi nazo wakija likizo. Tena hofu waliyo nayo si ya uwongo. Tarehe 10 Februari 2015, katika mji wa Chapel Hill, vijana watatu wa Kiislamu waliuawa na jirani yao nyumbani kwao. Tarehe 29 Januari 2017 Waislamu sita waliuawa msikitini mjini Quebec, nchini Kanada, baada ya sala ya Isha. Mwenye hofu ya namna hii hachekwi. Ila yafaa aambiwe kwamba mwenye hofu ndiye mteja rahisi kuliko wote, na kila mwenye bidhaa humtafuta yeye kwanza.

Basi twasema tangu mwanzo, ili asiyetaka kusoma hadi mwisho asitusingizie: Kujikinga ni haki, na pengine ni wajibu. Lakini kujikinga si kuua, na ubishi wote huu wa unene wa risasi umejengwa juu ya kuyachanganya mambo haya mawili.

Vipimo vyenyewe

Kwanza tufahamu kinachobishaniwa. Wamarekani hupima upana wa risasi kwa sehemu za mia za inchi. Risasi ya 45 ni kiasi cha sehemu 45 katika mia za inchi, yaani kama milimita 11 na nusu. Ya 40 ni kama milimita 10. Ya milimita 9 jina lake ndilo kipimo chake. Na ile iitwayo 38 ya bastola za zamani za duara, mtu akiipima ataikuta ni kama milimita 9 vilevile, ijapokuwa jina lake lajitapa zaidi ya hapo.

Kwa hiyo baina ya ile inayoitwa dhaifu na ile inayoitwa jabari, tofauti ya upana ni milimita 2 na nusu, yaani kama upana wa punje ya mchele. Ni kweli kwamba ya 45 ni nzito. Aghlabu yafika gramu 15, ilhali ya milimita 9 kwa kawaida haizidi gramu 9 na nusu. Lakini ya 9 huenda mbio zaidi, kiasi cha mita 350 kwa sekunde, na ya 45 kiasi cha mita 260. Inachopungukiwa hii kwa uzito hukipata kwa mbio. Punje hiyo ya mchele ndiyo iliyowafanya watu wazima wagombane kwa zaidi ya miaka mia moja.

Hekaya ya Wamoro

Mwulize mtetezi wa risasi nene asili ya imani yake, naye atakupa hekaya moja isiyochakaa. Atakwambia kwamba zamani Wamarekani walipokuwa wakipigana katika visiwa vya Philippines walikutana na Wamoro, watu wakali wasiosikia maumivu, waliokuwa wakipigwa risasi za 38 nne na tano, nao wazidi kuja na panga zao mkononi. Hata jeshi likalazimika kutafuta risasi ya kuwaangusha, ndiyo hiyo ya 45. Na kijana wetu Mwislamu husimama dukani akaisikiliza hekaya hii, akatikisa kichwa kwa kukubali, akatoa fedha zake. Hajui kwamba huyo anayesimuliwa kama mnyama wa mwitu ni ndugu yake.

Wamoro ni akina nani? Ni Waislamu wa Sulu na Mindanao. Jina la Moro walipachikwa na Wahispania, ambao walikuwa wakiwaita hivyo Waislamu wa Maghribi na Andalusi. Ni watu wa visiwani, mabaharia na wachuuzi kama sisi. Madhehebu yao ni ya Imam Shafi kama yetu, na lugha zao waliziandika kwa herufi za Kiarabu kama wazee wetu walivyokiandika Kiswahili. Sulu walikuwa na sultani wao, na mwaka 1899 Wamarekani walifanya naye mkataba, ulioitwa kwa jina la Jenerali Bates, kwamba dini yao na desturi zao zitaheshimiwa. Mwaka 1904 Wamarekani wakaufuta mkataba huo peke yao, bila ya ridhaa ya mwenzao.

Mwaka huohuo wa 1904 jeshi la Marekani lilimtuma afisa mmoja, John Thompson, pamoja na daktari Louis LaGarde, wapime risasi. Wakaenda kwenye machinjio ya Chicago, wakawapiga ng'ombe hai kwa risasi za vipimo mbalimbali, wakitazama ni ipi imwangushayo mnyama upesi. Wakapiga na maiti za watu pia. Mtume wetu (s.a.w.) amekataza kiumbe hai kufanywa shabaha, na aliyeyajenga maarifa yake juu ya tendo kama hilo hana la kujivunia. Mwishowe wakakata shauri kwamba bastola ya askari isipungue kipimo cha 45, na mwaka 1911 jeshi likaikubali bastola ya kipimo hicho.

Hayo wauzaji huyakumbuka. Wasiyoyakumbuka ni kwamba ripoti hiyohiyo iliongeza kuwa askari wafundishwe bila kuchoka kulenga sawasawa, kwani sehemu kubwa ya mwili wa mtu, hata ikipigwa na risasi ya bastola ya namna gani, haimwangushi papo hapo. Yaani walioianzisha imani hii hawakuiamini kama wanavyoiamini wafuasi wao wa leo.

Na uko ushahidi mmoja maarufu, wa mtu aliyepigwa risasi nne za 38 asianguke mpaka alipopigwa kwenye paji la uso kwa kitako cha bunduki. Daktari LaGarde aliueleza katika kitabu chake. Jambo hilo lilitokea mwaka 1905 katika kisiwa cha Samar, na mtu huyo alikuwa mfungwa aliyetaka kutoroka. Samar si nchi ya Wamoro. Ni kisiwa cha Wakristo. Tena lilitokea baada ya ng'ombe wa Chicago, si kabla yao. Hivi ndivyo hekaya zinavyojengwa: la huyu hubebeshwa yule, na la baadaye hutangulizwa mbele.

Hatukatai kwamba walikuwako katika Wamoro watu waliojitoa mhanga, wakawaendea askari wakijua kwamba hawarudi. Lakini mtazameni mtu huyo kwa macho mawili. Mwezi Machi 1906 watu wa Jolo walioukataa utawala ule na kodi zake walipanda mlima wa Bud Dajo pamoja na wake zao na watoto wao, wakajificha katika shimo la volkano lililoko kileleni. Jeshi likawazunguka kwa bunduki na mizinga. Waliouawa wakadiriwa kuwa baina ya 800 na 1000, wanaume kwa wanawake kwa watoto. Askari waliokufa walikuwa kama 20. Hata Mark Twain, mwandishi mashuhuri wa Marekani yenyewe, aliandika maneno makali kulaani tendo lile. Je, hapo napo risasi zilikuwa nyembamba?

Ugonjwa haukuwa katika risasi. Mtu aliyevunjiwa ahadi, akaingiliwa nchini mwake, akauliwa jamaa zake juu ya mlima, hasimamishwi kwa kuongezewa punje ya mchele. Husimamishwa kwa kufanyiwa haki. Lakini haki haiuzwi dukani, wala haina faida kwa mwenye duka. Kwa hiyo hekaya yabaki ikisimuliwa kama ilivyo.

Ngamia wa kinu

Watasema: Hayo ni ya kale, tuleteeni ya zama zetu. Vyema. Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, makachero 8 wa FBI walipambana na majambazi 2 waliokuwa wakiiba mabenki. Makachero 2 waliuawa na 5 wakajeruhiwa, na majambazi wote wawili wakafa. Mmoja wa majambazi hao alipigwa mapema risasi ya milimita 9 iliyopita mkononi ikaingia kifuani, ikasimama karibu na moyo bila kuufikia. Jeraha lile lilikuwa la kumwua, na lilimwua. Lakini kabla ya kufa aliendelea kupiga risasi, na ndipo wale makachero wawili walipouawa.

FBI wakailaumu risasi. Wakatafuta nene zaidi, wakaichukua ya milimita 10. Wengi katika makachero wao wakashindwa kuihimili kwa teke lake. Mwaka 1990 kampuni za Smith & Wesson na Winchester zikaleta ya 40, iliyo nafuu kidogo, na mwaka 1997 FBI wakaigawa hiyo kwa makachero wao. Polisi wa miji mingi wakawafuata, na raia wakawafuata polisi. Kisha mwaka 2014 idara ya mafunzo ya FBI huko Quantico ikaandika kwamba kwa risasi za siku hizi zilizotengenezwa vizuri, majeraha ya milimita 9 na ya 40 na ya 45 hayana tofauti ya kuonekana. Kwamba hayo yaitwayo nguvu ya bastola ya kumsimamisha mtu ni hekaya tu. Kwamba polisi katika mapambano hukosa shabaha kwa risasi 70 hadi 80 katika kila 100. Na kwamba watu wengi hulenga vizuri zaidi wakiwa na ya milimita 9. Basi wakarudi kwenye milimita 9. Jeshi lenyewe lilikwisha kuiacha ya 45 tangu mwaka 1985 likachukua ya 9, na mwaka 2017 lilipobadilisha bastola halikubadilisha kipimo.

Wazee wetu walimjua ngamia wa kinu cha mafuta ya ufuta. Hufungwa macho, akatembea kutwa kucha, na jioni akifunguliwa hujikuta palepale alipofungwa asubuhi. Tofauti ni kwamba ngamia yule aliacha mafuta nyuma yake. Hawa waliondoka kwenye milimita 9, wakazunguka karibu miaka 30, wakarudi kwenye milimita 9. Na kila raia aliyewafuata kwa kununua mara ya kwanza alinunua mara ya pili na ya tatu. Aliyefaidi ni nani?

Kinachozidi ni nini?

Hapa mtu mwenye insafu atauliza: Je, unene wa risasi haubadili kitu kabisa? La, wabadili, nasi hatutaficha. Mwaka 2018 wataalamu wawili, Anthony Braga na Philip Cook, walitangaza utafiti wao juu ya watu waliopigwa risasi mjini Boston baina ya mwaka 2010 na 2014. Walizigawa risasi katika mafungu matatu: ndogo, kama zile za 22 na 25 na 32; za kati, kama 38 na milimita 9; na kubwa, kama 40 na 45. Wakaona kwamba kwa waliopigwa na za kati, uwiano wa waliokufa kwa waliopona ulizidi mara mbili kuliko kwa ndogo. Na kwa kubwa ulizidi mara nne. Wala hawakuona dalili kwamba wenye bastola kubwa walikuwa na nia kali zaidi ya kuua. Nia zilikuwa zilezile, risasi ndizo zilizotofautiana.

Sasa yaweke mambo haya mawili pamoja, ndugu msomaji, maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Wafunzi wa FBI wasema kwamba baina ya vipimo hivi vinavyobishaniwa hakuna tofauti ya maana katika kumsimamisha mtu. Watafiti wa Boston waonyesha kwamba kila risasi inavyozidi kuwa nene ndivyo waliopigwa wanavyozidi kufa. Kusimama ni jambo la sekunde. Kufa ni jambo la saa na siku, pengine hospitalini juu ya kitanda. Mtu aweza kupigwa risasi itakayomwua, na katika dakika zake za mwisho akamwua aliyempiga, kama ilivyokuwa Miami. Basi anayelipia unene halipii usalama. Alipia mauti ya mwenziwe.

Na sheria yetu yasemaje? Wanavyuoni wa madhehebu yetu wana mlango mahsusi wa kumkinga mwenye kushambulia, nao umo katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho masheikh wa pwani wamekisomesha darsani kizazi baada ya kizazi. Hukumu yake ni kuanza kwa lililo jepesi. Yule anayeweza kukingwa kwa maneno au kwa kupiga ukelele wa msaada, ni haramu kumpiga. Anayeweza kukingwa kwa mkono hapigwi kwa fimbo, na anayeweza kukingwa kwa fimbo hapigwi kwa silaha ya kukata. Na mtu akiweza kukimbia akaiokoa nafsi yake, basi kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba kukimbia ni wajibu wake na kupigana ni haramu. Akirudi nyuma yule adui, haki ya kumpiga imekwisha.

Vijana hupenda kutaja hadithi kwamba mwenye kuuawa akiilinda mali yake ni shahidi. Ni hadithi sahihi, na zipo na nyingine zinazosema kwamba mshambuliaji akiuawa dhambi ni yake. Lakini waliozihifadhi na kuzifahamu hadithi hizo ndio haohao walioweka masharti haya ya hatua kwa hatua. Hawakuona mgongano wowote, kwa sababu walijua kwamba makusudio ni kuizuia dhulma, si kumwondoa mtu duniani. Sasa nani katika nyinyi atasimama mbele ya Mwenyezi Mungu aseme: Ya Rabbi, nilichagua kilichozidisha kufa bila ya kuzidisha kinga, kwa kuwa mwenye duka aliniambia ndicho cha kiume?

Watasema

Watasema: Nyinyi mwakaa vitabuni, mwizi wa usiku hangoji Minhaj. Nasi twawajibu: Kweli hangoji, lakini yafaa mtazame ni nani hasa anayepatwa na risasi ya bastola ya nyumbani. Katika mwaka 2021 Wamarekani 48,830 walikufa kwa bunduki na bastola. Katika hao, zaidi ya 26,000 walijiua wenyewe. Hao hawakuuawa na mwizi. Na mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza hesabu za mamilioni ya watu wa California waliokuwa wakiishi bila bastola zao wenyewe. Walioishi nyumba moja na mwenye bastola waliuawa kwa kiasi cha zaidi ya mara mbili kuliko walioishi nyumba isiyokuwa nayo. Na kuuawa nyumbani kwa risasi na mume au mke, au mwenzi, kulizidi kiasi cha mara saba. Wengi kabisa wa waliouawa hivyo walikuwa wanawake.

Basi mume asemaye kwamba amenunua bastola kumlinda mkewe, na azitazame hesabu hizo tena. Mwizi huenda asije maisha yote. Hasira huja kila wiki. Mtume (s.a.w.) alimkataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, kwani hajui pengine shetani atauteleza mkono wake, na hayo aliyasema wakati silaha ilikuwa chuma baridi, isiyoruka.

Tena kumbukeni jengo lenyewe. Nyumba nyingi za Marekani si za mawe na chokaa kama zetu za Mji Mkongwe. Kuta zake za ndani ni mbao na vibao vya jasi. Risasi yoyote ya bastola inayotosha kumpenya mtu yaweza kupita kuta hizo moja baada ya nyingine mpaka chumba cha watoto. Ikiwa polisi aliyefunzwa hukosa mara saba au nane katika kumi, je, baba aliyegutuka usingizini gizani atakosa mara ngapi? Na hizo atakazokosa zitakwenda wapi?

Watasema: Basi mwataka tukae tuchinjwe misikitini kama kuku? Hasha. Tarehe 10 Agosti 2019, siku moja kabla ya Idi Kubwa, mtu mwenye silaha aliingia akipiga risasi katika msikiti wa Baerum, karibu na Oslo, nchini Norway. Mzee wa miaka 65, Mohammad Rafiq, alimrukia akamkamata kwa mikono yake mitupu, wenziwe wakamsaidia, na hakuna aliyeuawa msikitini humo. Miezi michache kabla, tarehe 15 Machi, katika mji wa Christchurch, New Zealand, waliuawa Waislamu 51 katika misikiti miwili. Katika msikiti wa pili, wa Linwood, Abdul Aziz Wahabzada alitoka nje akiwa na mashine ya kulipia kwa kadi mkononi, akamtupia muuaji, akampigia makelele ili amfuate yeye awaache waliomo ndani; mwisho akaokota bunduki tupu iliyotupwa akavunja nayo kioo cha gari lake, na muuaji akakimbia. Na yule wa Quebec aliyewaua sita alitumia bastola ya milimita 9, hiyohiyo wanayoiita dhaifu. Waliomzuia mwovu hawakuuliza kipimo, na aliyeua hakukosa kipimo.

Hatusemi kwamba mikono mitupu yatosha kila mahali. Twasema kwamba ushujaa na tahadhari ndio asili ya kinga: mlango wenye kitasa imara, taa nje, mlinzi msikitini siku ya Ijumaa, jirani anayekujua jina, na mazoea ya kuwapigia polisi simu mapema. Haya hayana wauzaji wa kuyapigia debe, ndiyo maana hayasikiki.

Jawabu

Na sasa, ili tusiambiwe kwamba tumelikimbia swali, tunalijibu. Mwenye kuuliza risasi ipi, na ajiulize kwanza haya kwa mpango wake. La kwanza: Je, pana tishio la kweli juu yake, au ni maneno ya mwenye duka? La pili: Ni nani waliomo nyumbani? Kama yumo mtu mwenye huzuni nzito, au mwenye hasira za haraka, au mlevi, basi bastola isiingie humo. Na ikiwa imekwisha kuingia na itolewe leo, na mwenye huzuni asiachwe peke yake. Kama wamo watoto, basi isikae ila tupu, ndani ya kasha la chuma lenye kufuli, na risasi zake mahali pengine na kufuli nyingine. Atakayesema kwamba hivyo haitamfaa mwizi akija ghafla, amekiri mwenyewe kwamba achagua baina ya mwizi wa kufikirika na mtoto anayemwona. La tatu: Je, sheria ya nchi yamruhusu, naye amejifunza na yuko tayari kujifunza kila mara? La nne: Je, aijua hukumu ya kuanza kwa lililo jepesi?

Akiisha kuyajibu yote hayo kwa ukweli, na bado akaona hana budi, basi milimita 9 yamtosha. Yalitosha majeshi, na waliokimbia kwayo wamerudi kwayo. Kinachozidi hapo ni kibri, na kibri hakimkingi mtu.

Enyi wazee wetu, akina baba na akina mama: siku mtoto atakapopiga simu kutoka ng'ambo akasema kwamba ataka kununua bastola, msimkemee, kwani huenda ana hofu ya haki. Wala msimwambie anunue kubwa. Mwulizeni nani yumo nyumbani, mlango wake una kitasa gani, jirani yake ni nani, na mkewe anaonaje. Yule mke ndiye aulizwe zaidi, maana hesabu zile za California zilimhusu yeye kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwenyezi Mungu awalinde wana wetu waliomo ugenini, aitulize mioyo yao, na atuepushe na damu isiyokuwa na haki. Wallahu aalam.